Nati Mbili za Waipa

Kwenye kopo langu la vifungo, lile kopo la mafuta ya kujipaka ambalo kila mwanamke wa umri wangu analo mahali fulani ndani ya nyumba, chini ya sindano na zipu zilizokufa, nina nati mbili namba kumi. Nimehama nazo nyumba sita. Mume wangu alishaniuliza ni za nini, nikamwambia za cherehani, naye kwa kuwa hajui cherehani akaridhika. Si za cherehani. Ni za waipa za gari la Baba. Nilizitia mfukoni mwa sketi ya shule nikiwa darasa la nne, kule Namawala, siku moja kabla mvua haijamwagika.

Sikuwa na nia ya kuliandika hili. Ila juzijuzi nilikwenda kumsalimia Baba, ambaye baada ya kustaafu ualimu alijenga Lumemo, na gari langu lilikuwa limetoka kubadilishwa kioo cha mbele. Fundi, sijui alikuwa na haraka ya wapi, alirudisha waipa ovyo. Nikizizima hazilali chini. Zinabaki zimesimama katikati ya kioo, moja imeegemea huku na nyingine kule. Niliegesha uani kama saa kumi na nusu, jua limeshainama upande wa milimani. Nikaingia sebuleni, nikavua viatu, nikainua macho. Ukutani, juu ya kiti cha Baba, palikuwa na doa la mwanga lililorushwa na kioo cha gari langu, na ndani ya mwanga ule, mbawa mbili nyeusi.

Nilikaa. Baba aliliona pia, maana alinyanyua kiti chake akakihamishia upande wa pili.

Nyinyi wenzangu mliokulia bonde la Kilombero hamhitaji kuelezwa degedege ni nini. Mtoto anachemka homa, halafu ghafla macho yanageuka juu, mwili unakakamaa, anaanza kutetemeka. Shuleni tulifundishwa malaria mpaka tukachoka. Watu wa utafiti walikuwa wakitundika mitego ya mbu hadi vyumbani mwetu, asubuhi wanapita kukusanya walionaswa, na tulijua mbu anayeng'ata usiku ni yupi na maji anayopenda ni yapi. Lakini mbu alikuwa wa homa. Degedege lilikuwa jambo jingine kabisa, halina mbu wala kidonge, na kama ungeniuliza mimi wa miaka ile ningekushangaa kwa kuchanganya vitu viwili visivyohusiana.

Aliyenifundisha hayo ni Bibi Filomena. Hakuwa amemzaa Baba. Alikuwa shangazi yake, ndiye aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki, na Baba alimwita Mama. Mdogo wangu Tito alipozaliwa, Bibi alitoka Mngeta na kifurushi kimoja kuja kumsaidia mama yangu kulea, akakaa. Alikuwa mfupi, mwenye maneno. Mimi aliniita mke mwenzangu. Nikimpa shikamoo yake ya asubuhi anaitikia, halafu ananiuliza kama mume wetu nimempikia uji au nimemwachia yeye kazi zote, na mume wetu mwenyewe alikuwa marehemu babu, ambaye mimi sikuwahi hata kumwona. Alisumbuliwa na viungo. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye maungio, havikunji vikafika mwisho. Nepi za Tito alizifua yeye, lakini kuzikamua nilizikamua mimi.

"Ni dege," aliniambia siku moja tukianika nepi. "Halihitaji mlango. Linapita juu ya mtoto aliyelala, kivuli chake kikimwangukia tu, basi, limeshamkamata."

"Likoje, Bibi?"

"Nani kaliona likiwa zima? Watu huona mbawa."

Kwa ajili ya dege hilo alikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye kinyesi cha tembo kilichokauka, alichookota mwenyewe kwenye njia wanayovukia wakielekea msituni. Ukikiweka juu ya makaa kwenye kigae kinatoa moshi mzito wa nyasi, una utamu fulani kwa ndani. Nikiusikia leo, hata kama ni jirani tu anachoma majani, nywele zinanisimama.

Baba alikuwa na gari dogo jeupe la mtumba, kuukuu, na kwa kuwa upande ule wa kijiji hapakuwa na jingine, lilikuwa la mwalimu kwa jina tu. Lilikuwa la wagonjwa, la maharusi na la kwenda kuchukua sanda. Lilikaa ubavuni mwa nyumba, pua likiielekeza kwenye dirisha la chumba tulicholala mimi, Bibi na Tito. Jumamosi moja Baba aliamua kuzitengeneza waipa mwenyewe, maana zilikuwa zinakwaruza. Nilimshikia kopo la nati. Alizifungua zikiwa zimekwama katikati ya kioo, akaisafisha mikono ya waipa, akaiwasha mota aone kama inazunguka. Ikazunguka, ikajirudia yenyewe mahali pake pa kupumzika. Baba hakuliona hilo. Akairudisha mikono ya waipa vilevile alivyoikuta, imesimama.

"Kushoto unafungua, kulia unafunga," alinielekeza, akaniacha nizungushe nati ya mwisho. "Usikaze sana, mama. Bado nitazirudia."

Hakuzirudia. Alipowasha, waipa zilipanda zikagonga ukingo wa kioo, ko!, zikarudi, zikasimama wima zimetanuka. Baba akacheka, akasema afadhali kiangazi. Jioni ile ile, nikiwa kitandani nasoma, mwanga wa jua ulipiga kioo cha gari ukarukia ndani, ukatua ukutani juu ya kitanda cha Tito. Mwanga ule nilikuwa nimeuzoea. Sikuwa nimezoea kuona mbawa ndani yake.

Sikusema. Ningesema nini, jamani? Kila siku saa kumi na nusu zilikuja, zikatua palepale, zikashuka polepole kadiri jua lilivyozama, mpaka zikagusa neti ya mtoto. Halafu zinaondoka. Nilianza kuwahi kutoka shule ili nizikute.

Siku ya tano au ya sita Tito alikuwa amelala, shavu jekundu kwa joto, Bibi yuko jikoni. Mimi nimekaa nazitazama. Nje hapakuwa na mtu. Ufunguo wa gari ulikuwa unaning'inia msumarini sebuleni, niliuona kwa macho yangu. Mbawa zikapiga. Mara moja tu: zikanyanyuka, zikafunguka, zikarudi. Nikasikia ile ko! ya kioo. Miaka mingi baadaye fundi umeme aliniambia kwamba waya ukichubuka ukagusana na mwenzake wenye moto, mota inaweza kushtuka hata kama ufunguo haupo. Nilimshukuru. Lakini yule mtoto aliyekuwa kitandani hakuwa na fundi umeme. Alikuwa na Tito, ambaye kabla mbawa hazijatulia alikakamaa mgongo, macho yakageuka.

Nilipiga yowe. Bibi aliingia mbio na kigae chake, akamshika mtoto, akamfukiza. Moshi ukajaa chumba kizima. Tito akalegea, akalia, na kilio kile kilikuwa kitamu masikioni mwetu. Baba aliporudi toka shuleni alikuta bado tunakohoa.

"Mama, mtoto ana malaria huyu."

"Malaria mpe dawa," Bibi akamjibu. "Hiyo nyingine niachie mimi."

Walimpa vyote viwili. Baba alikwenda zahanati akaleta dawa, Tito akapata nafuu, na kila mtu akabaki anaamini alichokuwa anaamini. Mimi ndiye niliyebaki na tatizo, kwa sababu kesho yake saa kumi na nusu mbawa zilikuwepo.

Kwa hiyo nilifanya nilichofanya. Nilichukua spana ya Baba, nikapanda juu ya boneti, nikafungua nati zile mbili kuelekea kushoto kama nilivyofundishwa. Zilikuwa hazijakazwa. Nikaichomoa mikono ya waipa kwa kuitikisatikisa, nati nikazitia mfukoni, spana nikairudisha kwenye boksi lake. Halafu nikaenda nyuma ya jiko, nikawasha makaa, nikamwaga kinyesi cha tembo kigaeni, nikaziweka mbawa juu ya moshi. Akili yangu ilikuwa safi kabisa. Kama moshi unalifukuza likiwa ndani ya mtoto, si bora lifukizwe lenyewe, hukohuko kwenye mbawa zake?

Mpira ulianza kulia, ukavimba, ukatiririka. Harufu yake ilichanganyika na ile ya nyasi tamu ikawa kitu cha tatu ambacho sijawahi kukisikia tena, na sitaki. Nilipogeuka, Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mke mwenzangu, unafukiza nini?"

"Mbawa, Bibi. Nimeziona ukutani. Zilipiga, ndipo Tito akaanza."

Nilisubiri kofi. Bibi alichutama taratibu, akiyashika magoti yake, akavitazama vile vyuma. Uso wake haukuwa wa hasira, ulikuwa wa hofu, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

"Uliziona kabisa?"

"Kila siku."

Akachukua kopo lake, akaongeza kinyesi kingine juu ya makaa.

Kesho yake mvua ilimwagika. Zile za kwetu, mnazijua, ambazo hazianzi na manyunyu. Mbuga yote inapotea mbele ya macho. Ilikuwa saa nane mchana, Jumapili, tumetoka kula. Tito alikakamaa mikononi mwa Mama, na safari hii moshi haukusaidia. Alitetemeka, akatulia, akatetemeka tena. Midomo ilibadilika rangi. Mama alimfunga kwenye khanga akatoka nje kwenye mvua bila viatu, akiita, "Mwalimu! Gari! Hospitali!"

Baba alikimbia na ufunguo, akaingia, akawasha, na kioo kikawa maji matupu. Nikamwona akitoka tena. Akaitazama ile miti miwili mifupi ya chuma iliyobaki inazunguka bure mahali pa waipa.

"Nani katoa waipa?"

Nilikuwa nimesimama barazani. Mkono wangu ulikuwa mfukoni. Nilizishika nati zile mbili kwa nguvu mpaka zikanichora kiganja. Bibi alitoka jikoni amevibeba vyuma vyenye mpira ulioyeyuka, akampa. Baba akavichomeka, akapapasa kila mahali kwenye boneti, akapiga magoti kwenye matope akitafuta chini.

"Nati ziko wapi? Hata nikizifunga kitambaa zitashika. Nati!"

Ningesema wakati ule. Hatua nne tu. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Ni mimi," Bibi akasema. "Nimezitoa mimi, nimezifukiza. Nati nimetupa."

Baba alimtazama mtu aliyemlea kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akimtazama hata mwanafunzi mwizi. Akavitupa vile vyuma, akaondoka kichwa chake kikiwa nje ya dirisha, mvua ikimpiga usoni. Mama alituambia baadaye kwamba kila baada ya kipande kidogo alisimama akafuta kioo kwa khanga, halafu kwa shati, halafu kwa mikono. Walifika Ifakara taa zimeshawashwa.

Tulibaki sisi wawili. Bibi alinikalisha jikoni karibu na moto. Alinyoosha kiganja chake chenye vidole visivyokunjika, nami nikaziweka nati pale. Alizitazama, akanirudishia.

"Usiseme," alisema. "Mimi watanisema nikiwa mzee, nitakufa yataisha. Wewe watakusema mpaka uzeeke." Halafu akaniambia nikamue zile nepi, zisije zikanuka.

Tito alirudi baada ya wiki kadhaa, amekonda, mzima. Tulifurahi siku mbili nzima. Siku ya tatu sufuria ilimponyoka Mama nyuma yake, na mtoto hakugeuka. Mama akapiga makofi. Akamwita. Akaipiga ile sufuria kwa mwiko, anapiga huku analia, na Tito ameketi mkekani ametupa mgongo, anautazama ukuta. Saa kumi na nusu. Doa la mwanga lilikuwepo, tupu, safi, halina mbawa. Tito alikuwa anakifuata kitu fulani ndani yake kwa macho, kushoto, kulia, anatabasamu.

Mama alisema hatalala nyumba moja na aliyemfanyia mwanawe hivi. Baba alimpeleka Bibi Mngeta kwa gari lile lile, likiwa na waipa mpya zilizolala vizuri. Bibi aliniaga kwa kunishika kidevu. Hakuniita mke mwenzangu. Alifariki kabla sijamaliza darasa la saba. Baba alikwenda kuzika peke yake, akarudi, na toka hapo jina lake halikutamkwa nyumbani.

Sasa nirudi Lumemo. Mama alikuwa kanisani, kwenye mazoezi ya kwaya. Nilikuwa nimebeba kopo langu kwa ajili ya vifungo vya sare zao. Tito, ambaye siku hizi ni seremala na anaishi pale na wazee, alitoka karakanani kutusaidia mimi na Baba kuzilaza waipa za gari langu. Kwa mikono tunaongea vizuri. Alikwenda shule ya bweni ya wasiosikia, anasoma na kuandika kuliko mimi, na kila mtu wa nyumbani amempa ishara yake: Mama ni hereni, Baba ni miwani, mimi ni kovu la nyusi.

"Kwanza ziwashe, ziache zimalize zenyewe, ndipo uzime," Baba alielekeza, hanitazami. "Ukizifungua zikiwa njiani umeharibu kila kitu."

Aliweka alama kwenye kioo kwa kipande cha sabuni, pale waipa zinapotakiwa kulala. Tito akachomoa mkono mmoja, akauteremsha kwenye alama, akaukandamiza. Nati ikamponyoka Baba, ikadunda, ikapotelea kwenye majani. Tukaitafuta wote watatu tumeinama. Haikuonekana. Sijui niseme nilifikiri nini, sikufikiri. Nilienda ndani nikaja na nati zangu mbili, nikamwekea kiganjani.

Baba alizigeuza kwa kidole gumba.

"Zina kutu hizi."

"Ni za lile gari, Baba."

"Najua ni za lile gari." Akaikwaruza kutu kwa ukucha. "Mtu asiyeweza kukamua nepi anafunguaje nati?"

"Ulijua?"

"Siku ile ile, njiani."

"Sasa mbona ulimrudisha Mngeta?" Sauti yangu ilikuwa imeshakuwa ya mtoto.

"Mama yako alitaka mtu. Waipa nilizifunga vibaya mimi, ukazifungua wewe. Ningempa nani? Nikupe wewe? Nijitoe mimi?" Alikuwa anaongea na zile nati. "Alijitoa mwenyewe. Nikampokea."

Tuliyasema yote hayo Tito akiwa katikati yetu, ameshika mkono wa waipa, anatusubiri. Akanigusa bega. Mnasema nini? Baba akamjibu upesi kwa mikono: hakuna, waipa tu.

Nilichukua ile sabuni. Herufi zangu zilikuwa mbaya, lakini kioo kilikuwa kikavu na maneno yalitoka: ALIYEZIFUNGUA WAIPA SIKU ULIPOUGUA NI MIMI. SIYO FILOMENA.

Tito aliyasoma mara mbili. Alinitazama, akamtazama Baba, akanipokonya sabuni taratibu, akaandika chini yake. Baba, kwa mazoea ya ualimu, aliyasoma kwa sauti.

"Filomena ni nani."

Niliinua mikono nimweleze, ikabaki hewani, maana hatukuwahi kumpa ishara. Mtu aliyembeba mgongoni, akamfulia, akabeba na lawama yangu. Nikalia, sikujificha. Halafu nikakunja vidole vyangu vyote kumi, nikaviacha vigome njiani, nikajifanya nakamua nguo isiyokamulika.

Tito aliiga. Alikunja vidole vyake, akainua nyusi kuniuliza kama ndivyo.

"Hapana," Baba akasema. Aliweka spana juu ya boneti, akamshika Tito mikono yote miwili, akamkunjua vidole kidogo. "Alikuwa hafiki hapo. Aliishia hapa."